Tundu Lina Tarehe: Kuwatambua Mbawakavu Wanaobungua Magogo

Mteja anarudi yadi akiwa na kipande cha ubao mkononi, kimejaa matundu. "Bosi, mbao ulizoniuzia zimebunguliwa." Muuzaji anakigeuzageuza, anatikisa kichwa. "Hapana, mzee wangu. Zilitoka hapa salama. Huyo mdudu kaziingilia huko huko nyumbani." Ugomvi wa namna hii uko Keko, uko Maili Moja mjini Kibaha, uko Kisarawe, na mara nyingi mshindi ni mwenye sauti kubwa zaidi. Kumbe kipande kile kina maelezo yote yanayotakiwa, ila hakuna aliyekisoma. Hoja ya mhadhara huu ni moja tu: tundu lina tarehe. Anayelitazama vizuri anaweza kusema kama mdudu aliingia mti ukiwa umesimama, gogo likiwa bichi, au ubao ukiwa umekwisha kukauka, na kutokana na hapo akajua kama kuna wa kuua au hakuna.

Kibaha na Kisarawe ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Barabara ya Morogoro hupita Kibaha, na kwa njia hiyo mbao nyingi za bara huingia Dar es Salaam. Shamba la miti la Ruvu Kaskazini, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, liko huko huko. Upande wa Kisarawe kuna msitu wa asili wa Pugu na Kazimzumbwi, kisha mikorosho na miembe ya watu kuelekea Maneromango. Katika mwendo wa siku moja mtu anaweza kuona mti unaoliwa ukiwa hai, gogo linalooza kando ya njia na kitanda kinachodondosha unga.

Mbawakavu ni kundi kubwa kuliko yote ya wadudu. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinapita 350,000. Wanaoishi ndani ya mbao ni sehemu ndogo ya kundi hilo, na wote wana shida moja: mbao ni chakula kibaya. Kuna selulosi na lignini tele, protini kidogo mno. Kila ukoo umeitatua shida hiyo kwa namna yake. Wako wanaolima, wako wanaotafuta wanga, na wako wanaotafuna polepole kwa miezi au miaka. Namna hizo tatu huacha matundu ya aina tatu.

Tuanze na wakulima, maana ndio wanaowahi kufika. Gogo likiangushwa, chembe zake huanza kufa, na katika kufa huko hutoa ethanoli, kilevi kile kile kilichomo ndani ya pombe. Harufu hiyo husambaa, na baada ya siku moja au mbili mbawakavu wa jamii za Xyleborus na Platypus wanakuwa wamekwisha kutua juu ya gamba. Ni wadogo sana, wengi wana milimita 2 hadi 5, kahawia au weusi, mwili mwembamba wa mviringo. Wanachimba moja kwa moja kuelekea ndani, lakini mbao hawali. Wamebeba mbegu za ukungu katika vifuko vidogo mwilini, wanazipanda kwenye kuta za njia waliyochimba, na ukungu unaoota ndio chakula chao na cha watoto wao. Walianza kilimo hiki mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kushika jembe.

Kwa kuwa mbao kwao ni takataka, hutupwa nje yote. Gogo la mwembe lililolala siku tatu wakati wa mvua huonyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Juu ya gamba kuna vichuguu vidogo vya unga mweupe, na penginepo unga umeshikamana ukachomoza mithili ya uzi mfupi unaovunjika ukiguswa. Ukikwangua gamba kwa kisu, utakuta tundu la mviringo lisilozidi milimita 3. Likipasuliwa gogo, njia inaonekana imekata nyuzi za mti kwa kukingama, upana wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho, haina unga ndani, na kuta zake zimekuwa nyeusi kwa ukungu. Weusi huo ndio alama kubwa. Hakuna mbungua mbao mwingine wa kawaida anayeacha tundu dogo, tupu, lenye kingo nyeusi.

Ukungu huo unahitaji maji. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, shamba linakufa na wakulima wake wanakufa njaa au wanahama. Ubao mkavu wenye matundu meusi ya sindano, kwa hiyo, hauna mdudu ndani. Hauambukizi ubao wa jirani, na nguvu yake kwa kawaida haijapungua kiasi cha kuhesabika. Kilichopungua ni sura, pamoja na bei. Hata hivyo wako watu wanaopuliza dawa mbao za aina hii, wanasubiri wiki, wanapuliza tena, kisha wanasifu dawa kwa kuwa matundu hayakuongezeka. Kwa maoni ya mhadhiri, hapa ndipo fedha nyingi za dawa za mbao zinapopotelea.

Dawa halisi ya wadudu hawa ni haraka. Gogo litoke porini mapema, lipasuliwe mapema, mbao zipangwe kwa vipande vya kutenganisha ili upepo upite katikati. Gogo lililokatwa mvua zikianza, likabaki kwenye tope la Ruvu kwa sababu lori haliwezi kulifuata, halinusuriki, awe amelikata fundi hodari namna gani. Kama hakuna njia ya kulitoa, kulizamisha lote majini husaidia: mdudu hafiki, na gogo halikauki. Mwembe, mfenesi na msufi huathirika haraka sana. Mvule nao, pamoja na heshima yake yote, huingiliwa ukiachwa na gamba lake.

Kundi la pili linangoja gogo la mwembe likauke. Hawa ndio wanaodondosha unga chini ya vitanda, jamii ya Lyctus. Mbawakavu wa jamii hii ana rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mwembamba, bapa kidogo, urefu milimita 3 hadi 6. Mabuu yake huishi kwa wanga uliobaki ndani ya mbao. Jike ni mchaguzi: kabla ya kutaga huuonja ubao kwa kuung'ata, na akikuta wanga hautoshi huondoka. Akiridhika, huingiza mayai ndani ya vitundu vya asili ambavyo mti ulivitumia kupandishia maji. Vitundu vikiwa vyembamba kuliko mrija wake wa kutagia, hawezi.

Masharti hayo mawili, wanga na vitundu vipana, yanaeleza mambo ambayo mafundi wameyaona miaka yote. Yanaeleza kwa nini paini kutoka Sao Hill, Mufindi, haina mdudu huyu: paini haina vitundu hivyo kabisa. Yanaeleza pia kwa nini mninga na mkongo huliwa pembeni tu. Mti mgumu una weupe wa nje, unaopitisha maji na kuhifadhi wanga, na una kiini cha ndani, ambako wanga umekwisha na mahali pake pameingia kemikali zinazowachukiza wadudu. Lyctus hula weupe akafika kwenye kiini akasimama, na mpaka huonekana wazi, upande mmoja unga, upande wa pili mbao nzima. Fundi anayejua kazi huukata weupe na kuutupa. Fundi anayebana matumizi huupaka vanishi yenye rangi ya mninga, na mteja anayetaka kitanda cha bei nafuu hamuulizi swali.

Mpingo unaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko miti yote. Kiini chake cheusi kina uzito wa tani 1.2 hivi kwa mita moja ya ujazo, huzama majini, na mbawakavu huachana nacho. Weupe wake ni mwembamba, wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na huliwa. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, mara nyingine huuacha mstari wa weupe kwa ajili ya urembo. Ni kwenye mstari huo mnunuzi aliyepeleka kinyago Ulaya atakapokuta matundu miezi michache baadaye.

Tundu la Lyctus ni la mviringo, milimita 1 hadi 2, na halina weusi. Ndani limejaa unga laini sana, laini kama poda ya mtoto. Hapa kuna jambo linalopotosha wengi: tundu hilo ni mlango wa kutokea. Mdudu aliingia akiwa yai lisiloonekana kwa macho, akala gizani, na siku ya kwanza mwenye nyumba anapoliona tundu ndiyo siku mdudu anaondoka. Katika joto la pwani mzunguko huo unaweza kumalizika ndani ya miezi michache. Ubao unaokauka barazani Kibaha hubaki na unyevu anaoupenda, basi watoto hurudi kutaga pale pale, kizazi juu ya kizazi, mpaka weupe wote umekuwa unga chini ya ngozi nyembamba ya vanishi.

Ndugu wa Lyctus walio wanene zaidi ni jamii za Sinoxylon na Heterobostrychus. Hawa wamevaa kofia: kifua kimevimba kikafunika kichwa, hata ukimtazama kutoka juu huoni macho. Sinoxylon ana kitu kingine, mabawa yake yamekatika ghafla kwa nyuma, na pale yalipokatika pamechomoza miiba miwili. Mwenye lenzi ndogo ya mkononi hawezi kumkosea. Tofauti yao kubwa na Lyctus ni kwamba mkubwa mwenyewe huchimba, anaingia akiwa mzima na kutengeneza tundu la milimita 3 hadi 6. Huwahi pia, hukuta gogo au nguzo ikiwa haijakauka vizuri. Fito za nyumba ya udongo zilizojengwa zikiwa na gamba zao ni karamu kwao, na mianzi ina wake, Dinoderus, mdogo lakini mharibifu hasa. Unga wao una chembechembe ukiusugua kati ya vidole.

Kisarawe, miongoni mwa mikorosho, wapo wa kundi la tatu, wale wasiosubiri mti ufe. Mmoja ni Paranaleptes reticulata, mbawakavu mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mabaka meusi, urefu wa sentimita 3 hivi, pembe ndefu kuliko mwili. Jike hulizunguka tawi la mkorosho akilitafuna pande zote mpaka kibaki kiini chembamba katikati, kisha hutaga katika sehemu ya juu ya mkato. Tawi linakauka, upepo unalivunja. Mkulima aonaye tawi limeanguka likiwa na mkato wenye umbo la V, safi kana kwamba limekatwa kwa shoka, hudhani mtu kamwibia kuni. Mayai na mabuu yamo ndani ya tawi lile lile lililolala chini, na ndiyo maana ushauri ni kuyakusanya matawi hayo na kuyachoma moto, si kuyarundika pembeni ya shamba. Yuko pia fukusi wa mkorosho, Mecocorynus loripes, mwenye mdomo mrefu, ambaye mabuu yake hupita chini ya gamba la shina. Alama yake ni uchafu mweusi wenye gundi unaotoka kwenye shina karibu na ardhi. Mti ulioshambuliwa sana hauponi.

Matundu ya wenye pembe ndefu si mviringo kamili, yamebonyea kidogo, na yanaweza kufika sentimita moja au zaidi. Ndani hakuna unga bali nyuzinyuzi na vipande, takataka ya mtu aliyetafuna. Ukoo mwingine, ule wa mbawakavu wanaong'aa kijani na dhahabu, huacha njia bapa iliyoshindiliwa uchafu kwa tabaka. Koo hizi mbili huhitaji gamba ili zitage, kwa hiyo gogo lililomenywa mara baada ya kuangushwa huwa limeziepuka kwa kiasi kikubwa. Aliyemo ndani tayari, hata hivyo, anaweza kubaki hai muda mrefu baada ya ubao kukauka, kwa sababu chakula kibovu humfanya akue polepole mno. Mwaka 1983, huko Prittlewell, Uingereza, mbawakavu wa aina ya Buprestis aurulenta alitoka kwenye ngazi ya nyumba baada ya kuishi ndani ya ubao kwa miaka 51.

Huwezi kuzungumzia wabungua mbao Tanzania ukamruka dumuzi wa mahindi. Prostephanus truncatus aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitokea Mexico na Amerika ya Kati, na uharibifu wake ulikuwa mkubwa hata wakulima wakamwita Scania, kwa jina la malori. Watu wengi humhesabu kuwa mdudu wa ghala. Ukoo wake ni ule ule wa Sinoxylon, mwenye kofia, mbungua mbao aliyegundua kwamba hindi kavu na kopa la muhogo vina wanga mwingi kuliko mti wowote. Hakuiacha asili yake. Huzaliana kwenye matawi makavu porini na hujificha ndani ya nguzo za ghala lenyewe, ndiyo maana mkulima anaweza kufagia ghala mpaka liking'ae, akaweka mahindi mapya, na mdudu akarudi akitokea ukutani. Mapema miaka ya 1990 adui wake wa asili, mbawakavu mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, aliachiwa Togo na Kenya ili ampunguze.

Turudi kwenye ule ugomvi wa yadi. Mtu akishajua ni ukoo gani, anaweza kupanga matukio kwa kufuata zana zilizopita juu ya ubao. Msumeno kwanza: kama njia ya mdudu imepasuliwa kwa urefu, ikaonekana kama mfereji juu ya uso wa ubao, mdudu alikuwemo kabla ya kupasua, na hakuna ubishi. Randa ni vivyo hivyo. Tundu la mviringo lililotoboka kwenye uso uliopigwa randa, lenye kingo kali, limetokea baada ya randa. Vanishi inasema zaidi: ikiwa imetiririka ndani ya tundu na kukauka, tundu lina umri mkubwa kuliko vanishi, ikiwa tundu limetoboa vanishi na ndani mbao ni nyeupe, mdudu katoka baadaye. Lakini kutoka si kuingia. Lyctus aliyetoboa vanishi mwezi wa tano baada ya kitanda kununuliwa karibu hakika alitagwa kabla, kwa maana vanishi huziba vile vitundu na jike hapati pa kutagia. Katika hali hiyo mteja ana haki. Kama matundu ni meusi na matupu, muuzaji anaweza kusema kwa kweli kwamba mdudu hayumo, ingawa bado angepaswa kupunguza bei.

Mbawakavu nao husingiziwa kazi za wengine. Chembe ngumu ndogo zenye pande sita, mfano wa mbegu za mpopi, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Udongo ndani ya ubao ni mchwa wa ardhini. Tundu la mviringo pana kama kidole kwenye kenchi, na chini yake vumbi la manjano, ni la yule nyuki mkubwa mweusi anayenguruma akizunguka paa. Matundu ya ngalawa yenye kuta za chokaa hayahusiani na mdudu yeyote, ni kazi ya mnyama wa ukoo wa chaza.

Kuhusu tiba, oili chafu ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Hupenya juu juu, huuchafua ubao, na mabuu yaliyoko ndani sentimita mbili hayana habari. Mafuta ya taa yanayoingizwa kwa bomba la sindano huua yule aliyefikiwa tu. Mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki hufanya kazi bora kama ubao utaloweshwa ukiwa bado mbichi, kwa sababu chumvi hiyo husafiri na maji kuingia ndani. Hushindwa kwenye ubao uliopo mvuani, maana maji hayo hayo huiondoa. Joto huua wote. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia inataka katikati ya ubao pafike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na paleti iliyopitia hapo hupigwa muhuri wenye herufi HT. Makasha yanayoshushwa Bandari Kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, huja na paleti kama hizo, na zikimaliza kazi hazitupwi, mafundi huzigeuza meza na vitanda. Ni vizuri wajue kwamba muhuri unathibitisha kilichouawa kiwandani. Hauzuii Lyctus wa Kibaha kutaga ndani yake wiki ijayo.

Muhuri huo haukuwekwa bure, kwani wadudu wa mbao husafiri kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2017, katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilibainika kwamba miti ilikuwa imevamiwa na Euwallacea fornicatus kutoka Asia, mkulima wa ukungu mwenye milimita 2 tu, ila huyu hasubiri gogo, huingia kwenye mti hai na ukungu wake huuua. Tangu hapo ameenea mikoa mingi ya nchi hiyo, mijini na mashambani. Afisa misitu wa Kisarawe atakayekutana na matundu meusi ya sindano kwenye mti uliosimama wenye majani yanayonyauka ana sababu ya kutoyadharau.

Anayetaka jibu la uhakika apeleke sampuli kwa wataalamu, kama wale wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, Morogoro. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu spishi nyingi hutofautiana kwa miiba na mistari isiyoonekana bila darubini. Apeleke kipande cha mbao chenye tundu na gamba kama lipo, unga ndani ya karatasi iliyokunjwa, na mdudu mwenyewe ndani ya chupa ndogo ya spiriti, angalau watano kama wanapatikana. Lebo iwe na jina la mti, kijiji, tarehe ya kukata na tarehe ya kuokota mdudu. Iandikwe kwa penseli na kutiwa ndani ya chupa, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.